Kiuno kimekaza wiki ya pili ya mazoezi: fanya hivi kabla hujaacha

Ilikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita hahitaji kuelezwa baridi yake. Nilikuwa na siku ya tisa tangu nianze kukimbia. Njia yangu ilikuwa moja: natoka nyumbani Isanga, napandisha upande wa mlima Loleza mpaka pumzi ziniishie, kisha nageuza na kuteremka mbio kama gari lililokatika breki. Siku hiyo nilirudi jasho linatiririka, najiona kijana wa miaka ishirini. Nikainama kunyanyua ndoo ya maji ya kuoga, wala haikuwa imejaa, kiuno kikakaba.

Sikuanguka. Nilibaki nimeinama vilevile, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine ukutani, mpaka mke wangu akatoka na kuuliza, "Baba watoto, umedondosha nini hapo?"

Ushauri ulianza kuingia hata chai haijachemka. Jirani akasema nilale chini kwenye ubao wiki mbili. Shemeji akasema hizo ni figo. Mwenzangu wa kazini akapiga simu kuniambia nikachome sindano ya diklofenaki, moja tu, kesho nitacheza mpira. Mama mkwe, kutoka Tukuyu, akauliza kwa upole mtu wa miaka yangu anamkimbia nani. Nikaona la jirani ndilo rahisi, nikalala siku nne. Siku ya tano kiuno kilikuwa kigumu kuliko siku ya kwanza, na safari ya chooni nilikuwa naifanya kwa kushika kuta.

Mimi si daktari. Ni karani wa hesabu, kazi yangu ni kiti na meza. Haya ninayoandika nilifundishwa na dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na mengine nimejifunza mwenyewe kwa miaka mitatu ya kukosea na kurekebisha. Ukiyasoma ukiwa umeshika kiuno, anza na hatua ya kwanza, usiiruke.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kiuno cha kawaida

Maumivu mengi ya kiuno hayana ugonjwa mkubwa nyuma yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu haya, na kwa karibu 9 kati ya kila 10 hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa ndio chanzo. Ni misuli, ni viungio vidogo vya pingili, ni diski iliyochokozwa, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili. Vinauma sana, halafu vinatulia ndani ya wiki chache.

Ila wapo wale wengine. Nenda hospitali leo hii, usisubiri kesho, kama mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, kama haja kubwa imekushinda kuzuia, kama una ganzi katikati ya mapaja na kuzunguka sehemu za siri, au kama mguu umepoteza nguvu mpaka ndala inachomoka njiani nawe huna habari. Hizo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na kila saa inayopita ina hesabu yake. Watu huona aibu kumwambia daktari habari za mkojo. Mficha uchi hazai, mwambie.

Kuna na dalili za kukupeleka hospitali wiki hii hii hata kama unatembea vizuri: homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku na ambayo hayabadiliki uwe umelala, umekaa au umesimama. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, huingia hata kwenye pingili za mgongo. Na sisi wa nyanda za juu, tunaofuga ng'ombe wa maziwa kuanzia Rungwe mpaka Njombe, tuna la ziada: ukinywa maziwa yasiyochemshwa, mwambie daktari, maana ugonjwa wa brusela nao huleta homa na maumivu ya mgongo. Aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka na bodaboda, mtu mzima ambaye mifupa yake imeanza kuwa dhaifu, na anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, hao pia wapimwe kwanza.

Figo je? Maumivu ya figo mara nyingi hukaa ubavuni, chini ya mbavu, yakiambatana na homa, kichefuchefu au mkojo unaounguza, na hayajali umeinama au umenyooka. Yangu yalikuwa yanapiga kelele kila nikiinama, nikinyooka yanapungua. Shemeji alikuwa na nia njema.

Maumivu yakishuka makalioni mpaka chini ya goti, kama umeme, kuna mshipa wa fahamu umeguswa. Mengi ya hayo nayo hutulia bila kisu, lakini usikae nayo wiki nyingi bila kuonwa na mtaalamu, hasa kama mguu unazidi kudhoofika.

Neno moja kuhusu picha. Watu wengi wakiumwa kiuno wanataka eksirei siku hiyo hiyo, na wenye uwezo wanataka MRI. Kama huna dalili za hatari nilizotaja, picha mara nyingi itakuongezea hofu tu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta katika wenye umri wa miaka 40, karibu nusu wana diski iliyotokeza. Watu hao wanalima, wanacheza, hawana habari. Ukipewa karatasi iliyoandikwa "diski imetokeza", usiende kuandika wosia.

Hatua ya pili: siku tatu za mwanzo, usigande kitandani

Hili ndilo kosa langu lililonigharimu zaidi ya ile ndoo. Kulala mchana kutwa hukausha nguvu za misuli haraka, na kiuno kinazidi kukaza. Siku ya kwanza pumzika, sawa, lakini kila baada ya saa moja au mbili simama, tembea uani, ukutani kama lazima, dakika tano hadi kumi. Unatembea kwa hatua fupi, mikono inaning'inia, hujikazi. Utashangaa: dakika ya kwanza ni mateso, ya nne kiuno kinaanza kulegea.

Kupumzika nako kuna namna. Lala chali kwenye mkeka wenye blanketi, weka stuli au kiti mbele yako, pandisha miguu juu yake ili mapaja yasimame wima na mundi ulale juu ya kiti. Kaa hivyo dakika kumi. Mimi stuli ya jikoni ndiyo iliyoniokoa, mpaka mke wangu akanunua nyingine ya kupikia. Usiku lala ubavu na mto katikati ya magoti. Godoro likiwa limebonyea katikati kama beseni, hamia upande mwingine au lishushe chini sakafuni kwa siku hizo. Ubao mtupu hauna faida, unaumiza nyonga tu.

Joto linasaidia, na kwa baridi yetu linasaidia mara mbili. Chupa ya plastiki yenye maji ya moto, si yanayochemka, zungushia kanga mara mbili, weka kiunoni dakika kumi na tano. Usilale nayo ukapitiwa na usingizi, na mwenye kisukari ambaye ngozi yake haihisi vizuri awe mwangalifu zaidi.

Dawa: za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kupunguza maumivu kwa siku chache, zinywe baada ya chakula, kwa kipimo alichosema mfamasia. Siyo za kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, matatizo ya figo au ujauzito asizinunue kama pipi. Amuulize kwanza anayemtibu. Na sindano haina muujiza wa ziada kuliko kidonge. Tatizo lake lingine ni kwamba ukichoma asubuhi, jioni unasahau kuwa unaumwa na unakwenda kubeba gunia.

Mkanda wa kiuno unauzwa kila duka la dawa, na wapo akina mama wanaojifunga kanga kwa nguvu. Kwa saa chache, ukiwa na safari ya lazima ya bajaji kwenye mashimo, sikukatazi. Kwa matumizi ya kila siku, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema mikanda isitumike kama tiba. Wangu upo kabatini, nilioununua kwa hasira.

Hatua ya tatu: tafuta kosa lilipo

Nilipofika fiziotherapia nilitegemea kulazwa kitandani nikandwe. Dada wa pale alikuwa mdogo, pengine umri wa mdogo wangu wa mwisho. "Shikamoo baba." Marahaba. "Nisimulie siku yako ya mazoezi, tangu unaamka."

Nikasimulia. Naamka saa kumi na moja na nusu, navaa raba, najinyoosha kwa kugusa vidole vya miguu mara ishirini, natoka. Napanda, nateremka. Nikirudi napiga sitapu hamsini, zile za kulala chali na kuinuka mpaka kukaa, naoga, naenda kazini nakaa mpaka saa kumi.

"Baba," akasema, "hapo umechagua yote yanayoumiza kiuno."

Cha kwanza ni saa. Katikati ya pingili kuna diski, mito laini yenye maji ndani. Usiku ukilala, uzito unatoka juu yake, diski zinafyonza maji na kuvimba kidogo. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni kwa takriban sentimita moja au zaidi. Diski iliyojaa maji imekaza, na ukiinama sana wakati huo inabanwa kuliko kawaida. Mabadiliko makubwa huisha ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Mimi nilikuwa nagusa vidole vya miguu dakika ya tano, gizani, nyuzi ziko chini ya 10. Juni na Julai jua la Mbeya linachomoza karibu saa moja asubuhi. Hata jogoo wenyewe wanasitasita.

Cha pili ni mteremko. Wengi tunadhani kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda kunachosha mapafu na mapaja, lakini kiuno kinapata afueni kwa sababu unaegemea mbele kidogo na hatua ni fupi. Ukiteremka mbio, kisigino kinapiga chini kwa nguvu, unajivuta nyuma ili usianguke, kiuno kinapinda kuelekea ndani na kila kishindo kinaishia hapo. Mji wetu umejengwa kwenye mbavu za mlima, anayeishi huku juu hana njia ya kwenda bila kurudi. Basi rudi unatembea.

Cha tatu ni sitapu. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyetumia miaka mingi kupima mizigo ya uti wa mgongo, alikuta sitapu moja ya kawaida inaubana mgongo kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 300. Mgongo wenye afya unavumilia hiyo mara chache. Mara hamsini, baada ya mteremko, kwa mtu aliyekaa kwenye kiti miaka kumi na tano, ni kesi nyingine. Hata Jeshi la Marekani liliacha sitapu katika mtihani wake wa viungo, na tangu 2022 kipimo cha misuli ya tumbo ni planki, yaani kujishikilia umenyooka kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu.

Cha nne ni kiti. Ukikaa saa nane, misuli ya mbele ya nyonga inafupika, ya makalio inalala usingizi. Ukianza kukimbia, makalio hayaamki, na kazi yao anapewa kiuno. Sasa hivi kazini nasimama kila nusu saa; kama naogopa kuonekana sina kazi, nabeba faili.

Raba zilizokwisha soli nazo zina mchango wake, ila usizilaumu kwanza. Nilizibadili mwanzo kabisa, pesa ikaenda, kiuno kikabaki.

Nawe keti uandike siku yako hivyo hivyo. Kosa lako linaweza kuwa tofauti: labda ni kuruka kamba kwenye sakafu ya saruji, labda ni ile Jumamosi ya jogingi ya klabu ambako spika kubwa inapiga muziki na mwalimu anaagiza watu mia moja wenye migongo mia moja wainame na kudunda wakigusa vidole. Mimi bado naenda. Ikifika sehemu ya kudunda na ya kunyanyua miguu miwili nikiwa chali, natembea pembeni nakunywa maji. Hakuna aliyewahi kunifukuza.

Hatua ya nne: jifunze kuinama upya

Hapa ndipo nilipotumia siku nyingi kuliko kwingine, na kama ungesoma hatua moja tu baada ya ile ya kwanza, ningekuambia usome hii.

Chukua mpini wa jembe au wa fagio refu. Uweke mgongoni wima, mkono mmoja uushike nyuma ya shingo, mwingine uushike nyuma ya kiuno. Mpini uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu kidogo ya mpasuko wa makalio. Simama miguu imeachana upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo tu. Sasa sukuma makalio nyuma, kama mtu aliyeshika sinia la vyombo kwa mikono miwili akifunga mlango kwa makalio. Kifua kitashuka chenyewe. Mpini usiondoke kwenye hata sehemu moja kati ya zile tatu.

Jaribio langu la kwanza, mpini uliachana na makalio kabla sijashuka hata shibiri. Maana yake nilikuwa nakunja kiuno badala ya nyonga. La pili, ukaachana na kisogo, kwa sababu nilikuwa natazama mbele kama kinyonga. Dada yule akaweka kidole chake kwenye sehemu mpini ulipoachia akasema, "Hapa. Rudia." Nilirudia pengine mara thelathini siku ile. Utajua umepatia ukisikia mvutano nyuma ya mapaja, siyo kiunoni.

Baadaye nikiwa Uyole nilisimama kuwatazama akina mama wanavuna viazi. Miguu karibu imenyooka, wamejikunja kwenye nyonga, mgongo umelala sawa kama meza, unaweza kuweka kikombe cha chai juu yake. Ndiyo ule ule mchezo wa mpini, ila wao hakuna aliyewafundisha. Usidhani hawaumwi, wanaumwa sana tu, ukiwauliza watakuambia. Lakini wanavuna siku nzima, mimi nilishindwa na ndoo moja.

Tofauti nyingine kati yao na mimi ni kwamba migongo yao imezoea mzigo huo kidogo kidogo tangu utotoni. Vijana wanaopakia magunia ya lumbesa hawakuanza na lumbesa.

Fanya kuinama kwa mpini mara kumi, asubuhi baada ya chai na jioni, kwa wiki mbili. Kisha peleka mtindo huo kwenye kazi halisi: kunawa uso, kufagia, kumtoa mtoto kitandani, kuwasha jiko. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Isogelee mpaka iwe katikati ya miguu, sukuma makalio nyuma, kaza tumbo kidogo kama mtu anayejiandaa kukohoa, inuka kwa kubana makalio. Usigeuke kiuno ukiwa umeibeba, zungusha miguu. Nusu ndoo mbili, mkono huu na huu, ni rafiki wa mgongo kuliko ndoo moja nzima upande mmoja.

Hatua ya tano: mazoezi matatu kwenye mkeka

Haya yanatokana na kazi ya huyo huyo McGill. Hayatoi jasho, hayana picha nzuri ya kuweka kwenye simu, na jirani akichungulia atadhani umepotelewa na kitu chini ya meza. Yaanze maumivu makali yakishapungua, mara nyingi baada ya siku nne hivi au wiki.

La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, mguu mwingine umenyooka. Viganja viweke chini ya kiuno ili ule uwazi wa asili usibanwe na sakafu. Nyanyua kichwa na mabega kwa pamoja, kidogo sana, inatosha karatasi kupita chini ya kisogo. Shikilia sekunde 8 hadi 10 huku unapumua. Shuka.

La pili: lala ubavu, egemea kiwiko kilicho chini ya bega, magoti yamekunjwa. Inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka bega hadi goti. Sekunde zile zile. Geuza upande wa pili. Ukishakomaa, nyoosha miguu, egemea nyayo badala ya magoti.

La tatu: piga magoti, viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa wakati mmoja, usipandishe mguu juu kuliko makalio. Kiuno kisicheze. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa ananiwekea kikombe cha plastiki mgongoni, kikianguka anahesabu. Wiki ya kwanza alihesabu sana.

Kila zoezi lifanye mara 5, pumzika kidogo, mara 3, pumzika, mara 1. Usivuke sekunde 10 kwa kushikilia. Ukitaka kuongeza, ongeza idadi. Yanachukua dakika kumi na tano, kila siku. Ukipata nafasi ongeza la nne: lala chali magoti yamekunjwa, nyanyua makalio kwa kuyabana, shusha. Hilo ndilo la kuyaamsha makalio ya mkaa-kiti.

Mama mjamzito asilale chali muda mrefu ujauzito ukishakua, na aliyejifungua karibuni apate kwanza ruhusa kliniki.

Hatua ya sita: rudi barabarani

Kabla ya ratiba, jua kipimo. Yape maumivu namba, 0 hakuna, 10 huwezi kuvumilia. Wakati wa mazoezi, mpaka 3 endelea. Ikivuka hapo, punguza mwendo au tembea. Hukumu yenyewe inatolewa kesho yake asubuhi, unapovaa soksi. Kiuno kikiwa kama jana au nafuu, dozi ya jana ilikuwa sawa. Kikiwa kibaya zaidi na ubaya ukavuka chakula cha mchana, dozi ilikuwa kubwa: siku inayofuata fanya nusu yake. Usiache, fanya nusu. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, maana tunajua kufanya yote au kutofanya kabisa.

Wiki ya kwanza ni kutembea tu, dakika 20 mara mbili kwa siku, sehemu tambarare. Tambarare Mbeya ni mali adimu, mimi nilizunguka kiwanja cha mpira cha shule nikawa burudani ya wanafunzi. Aliye Iringa mjini na yule wa Njombe wana shida hiyo hiyo, watafute kiwanja. Soksi zikikupa ruhusa asubuhi tatu mfululizo, songa mbele.

Kisha, mara tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Wiki inayofuata dakika 2 kwa 2. Halafu 3 kwa 1. Ukifika kukimbia dakika 20 mfululizo kwenye tambarare bila malalamiko, ongeza kilima: panda kwa mbio za taratibu, teremka kwa miguu. Hatua ziwe fupi na nyingi. Mtu akikupita mwache apite.

Saa niliibadili ikawa jioni, saa kumi na moja, nikitoka kazini. Ukilazimika asubuhi, amka, kunywa kitu cha moto, fanya shughuli za nyumbani zisizo za kuinama kwa muda wa saa moja, halafu tembea dakika kumi kabla ya kukimbia. Sweta livae mpaka jasho litoke ndipo ulifunge kiunoni. Kujinyoosha kwa kugusa vidole vya miguu nimeshaacha kabisa, na sijaona nilichopoteza.

Jimu ukienda, anza na vyuma vyepesi mpaka uone aibu. Mkufunzi mmoja aliwahi kunisukumia kilo 60 nizinyanyue kutoka chini siku ya pili, anasema maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini. Nilimshukuru, nikaenda kwenye baiskeli.

Kikirudi tena

Kitarudi. Changu kimerudi mara tatu ndani ya miaka mitatu, na mara zote sababu niliijua: msiba wa Kyela, saa nyingi kwenye basi na kubeba viti, wiki ya kufunga hesabu za mwaka, na siku niliyojidai kuteremka Loleza mbio na kijana wa jirani. Mara ya kwanza iliniogopesha, nikadhani nimerudi mwanzo. Sikuwa mwanzo. Kile cha kwanza kilinichukua wiki sita, cha pili siku tisa, cha mwisho siku nne.

Kikirudi pitia tena dalili za hatari, ni dakika moja tu. Kama hazipo, rudi kwenye stuli, chupa ya moto na matembezi mafupi, na mazoezi matatu uyafanye nusu. Kisipopungua kabisa ndani ya wiki sita, au kikizidi, uliza idara ya fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Ukienda, vaa nguo unayoweza kuinama nayo. Mimi nilikwenda na suruali ya ofisini ikapasuka mbele ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Mara hii ya mwisho kilinikaba Jumapili asubuhi nikifunga kamba za viatu vya kanisani. Nilitembea kanisani nikasimama nyuma, mchana nikapandisha miguu kwenye stuli, jioni nikaenda mpaka Kabwe kwa miguu na kurudi. Alhamisi nilikuwa kiwanjani, dakika moja mbio, mbili mguu.